Mweka Hazina Wetu Alipopimwa

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)

Leo hatutasema habari za mbuzi wa maziwa wala matangi ya maji. Tunataka kuongea juu ya mama mmoja. Yeye mwenyewe ametupa ruhusa, ila jina lake tunaliacha.

Mama huyu ni mweka hazina wa kikundi tunachokitembelea. Ana miaka 41. Aliacha shule darasa la tatu, akaingia ngumbaru miaka minne iliyopita. Kusema, anasema vizuri, na mashauri yake husikilizwa. Lakini daftari! Kila mwezi hesabu zilikataa. Shilingi 4,500 ziliandikwa 5,400, na 360 zikawa 630. Mkutanoni mzee mmoja akasimama: "Mama, hizi 1,170 zilizopungua sandukuni zimekwenda wapi?" Wengine wakaanza kunong'ona ati amezila.

Na sisi je? Tuungame. Sisi pia tulimwona mvivu. Tulimwambia ajitahidi, kumbe alikuwa akiamka saa kumi alfajiri kusoma kabla ya kukamua.

Tulianza na pesa. Watunza hesabu wana ujanja wao: tarakimu mbili zilizo jirani zikibadilishana nafasi, tofauti yake hugawanyika kwa 9. Hapa tofauti zilikuwa 900 na 270, na zote mbili zinagawanyika. Hiyo peke yake haimwondolei mtu lawama, lakini ilitufanya twende kwa wanachama, mmoja mmoja. Wakasema walitoa 4,500 na 360. Basi hakuna senti iliyopotea.

Ndipo mwalimu wa ngumbaru akasema, huyu apimwe. Labda wengi wenu hamjui kwamba Kenya ina vituo vya serikali vya kupima wanafunzi, vile vinavyoitwa EARC. Vilianza mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark. Halafu kuna chuo cha KISE huko Kasarani, Nairobi, kilichoanzishwa 1986. Shida ni kwamba vituo vililengwa hasa kwa watoto. Ofisi ya kwanza tuliyofika, karani alituangalia akauliza, "Mtoto yuko wapi?" Mama akajibu, "Mtoto ni mimi." Tukarudishwa nyumbani siku hiyo. Tulipata mpimaji safari ya tatu.

Kabla ya yote, alitumwa hospitali kupimwa macho na masikio, maana asiyeona ubao vizuri hawezi kusoma, na hilo si jambo la akili. Yote yalikuwa sawa. Halafu mpimaji akauliza habari za utotoni: ulichelewa kusema? Ndugu zako walisoma bila taabu? (Kaka yake naye hakujua kusoma mpaka leo. Shida hii hufuata ukoo mara nyingi.) Akauliza pia lugha ya nyumbani, na hapo alifanya vyema, kwa sababu ukimpima mtu kwa lugha asiyoijua sawasawa utapima lugha tu. Akamsomesha maneno ya kawaida, kisha maneno ya kubuni yasiyo na maana, ili aone kama anaunganisha herufi na sauti au anakumbuka tu sura ya neno. Akampa na mafumbo ya picha. Hayo aliyamaliza upesi kutushinda sisi.

Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo mwenye shida hii anaweza kusoma neno sawa lakini polepole mno, huku jasho likimtoka. Mwalimu husema ni mzito tu. Na kugeuza tarakimu peke yake si ushahidi. Sisi sote hugeuza tukichoka.

Jibu likawa disleksia. Si ugonjwa, haina dawa ya kumeza, wala si laana ya mtu. Daktari Mwingereza, Pringle Morgan, aliandika mwaka 1896 juu ya kijana mwerevu wa miaka 14 aliyeshindwa kusoma.

Tulidhani atafurahi. Alilia, kisha akakasirika. "Sasa zile fimbo za darasa la kwanza mpaka la tatu zilikuwa za nini?" Hatukuwa na jibu.

Siku hizi anaandika kwenye karatasi ya miraba, tarakimu moja kila mraba. Mtoaji husema kiasi kwa sauti, mama anaandika, katibu anarudia kukisoma kabla pesa hazijaingia sandukuni. Darasani anaweka rula chini ya mstari, na mwalimu humfundisha sauti za herufi upya, kidogo kidogo kila siku. Akitaka kufanya mtihani wa taifa, ile karatasi ya mpimaji itamsaidia kuombewa muda wa ziada.

Mzee yule hajaomba msamaha bado. Mama anasema hana haraka naye. Mkutano ni Alhamisi, daftari litasomwa kwa sauti mbele ya wote, na sisi tutakuwepo.