Kuku akijeruhiwa

Msikilizaji, kicheche au mbwa akimkamata kuku wako, kisha kuku akaponyoka, kwanza mtenge. Wenzake wakiona damu wanaweza kumdonoa hadi afe, kabla hata kidonda hakijamdhuru. Mweke kwenye tenga au boksi, mahali penye joto na giza kidogo, na maji yawe karibu.

Damu ikichuruzika, kandamiza kwa kitambaa safi dakika kadhaa bila kuachia. Halafu mpekue vizuri chini ya manyoya, maana jino huacha tundu dogo juu na uchafu mwingi ndani. Manyoya yapunguze kwa mkasi. Ukiyanyonyoa, ngozi itachanika. Chemsha nusu lita ya maji na kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Yakiwa vuguvugu, osha kidonda asubuhi na jioni. Nawasihi, msipake oili chafu ya gari! Asali safi inafaa.

Kagua funza kila siku, nzi hawachelewi.

Chakula kikivuja kwenye gole, mfupa ukionekana, au kidonda kikinuka, mwite afisa mifugo. Akimpa kuku dawa, muulize mayai na nyama visiliwe kwa siku ngapi.