Asiye kwenye listi, nani atamutafuta?

Maneno tuliyosema mbele ya vijana wafanyakazi, wastajieri na wasio na kazi, Bukavu

Leo tutasema juu ya jambo moja tu: siku jengo unamofanya kazi linashika moto ama linatikisika, nani anatoa watu inje, na ana nini mukononi?

Kuko wenye watasema: "Tuko na vita, tuko na njaa, kazi haiko, na ninyi munatuletea mambo ya filimbi na tochi?" Tunawaelewa. Lakini mutu aliyekufa kwenye eskalie amekufa sawa na wengine, na kifo chake kingeweza kuzuiwa na vitu vya bei ndogo. Hivyo vitu hatuhitaji kungoja kongamano la amani ili tuvinunue.

Tuanze na ardhi tunayosimama juu yake. Bukavu iko ndani ya Bonde la Ufa, na Ziwa Kivu lenyewe ni mutoto wa ufa huo. Tarehe 3 Februari 2008, tetemeko la kipimo cha 5.9 lilipiga karibu na muji wetu. Kwetu na kwa jirani zetu wa Rwanda walikufa watu karibu 40, na upande wa Rwanda kanisa liliangukia waumini. Ilikuwa siku ya yenga, asubuhi. Mabiro na masomo yalikuwa yamefungwa. Tarehe 7 Agosti 2015 likapiga lingine, usiku, watu wako nyumbani. Mara mbili hizo, saa ndiyo ilituokoa kazini. Lakini lile la Kalehe la 24 Oktoba 2002, la kipimo cha 6.2, lilipiga siku ya ine, saa mbili asubuhi, saa ya kufungua kazi. Tetemeko halisomi kalenda.

Moto nao tunaujua. Pale Kadutu nyumba za mbao zimeshikamana, njia ni nyembamba, na gari ya kuzima moto ikifika, haipati pa kupita. Kwa hiyo wa kwanza kukuokoa si mutu wa gari. Ni yule anayekaa meza ya pili na yako.

Sasa, tukienda kwenye maduka na mabiro ya muji, tunakuta nini? Mulango mumoja wa mbele. Mulango wa nyuma umejaa mifuko ya sukari, ama umefungwa na kufuli juu patro anaogopa wizi. Funguo iko na sentineli, na sentineli ameenda kununua chakula. Nairobi, tarehe 28 Januari 2009, duka kubwa katikati ya muji lilishika moto, na watu zaidi ya 20 walikufa ndani. Waliopona walisema walikuta milango imefungwa. Tuulize hapa kwetu mapema: mulango wa pili iko wapi, na nani ana funguo?

Sheria haiko kimya. Kitabu cha sheria ya kazi cha nchi yetu, cha 16 Oktoba 2002, kinaomba kamati ya usalama na usafi kwenye kampuni. Kwa hiyo mufanyakazi akiuliza habari ya mulango, hafanyi fujo. Anauliza kitu ambacho sheria ilishauliza mbele yake.

Lakini kamati ya majina matupu, iliyobandikwa ukutani, haitoi mutu kwenye moshi. Kila etaje inahitaji watu watatu. Wa kwanza anatangulia na kufungua njia. Wa pili anatoka mwisho, akichungulia kila chumba na choo. Wa tatu anahesabu watu kule wanapokutania. Kila mumoja awe na mutu wa kumusimamia siku hayuko. Na wapewe vyombo hivi:

Filimbi. Tunasema ile ya kupuliza, wandugu. Sauti ya mutu inakauka haraka kwenye vumbi na moshi, filimbi inaendelea. Na aliyefunikwa na matofali akiwa nayo shingoni, watamusikia.

Tochi yenye pile nzuri. Umeme wa SNEL ukikatika, eskalie inakuwa shimo. Mushumaa hapana, juu hatujui kama kuna mafuta ama gazi iliyomwagika.

Funguo ya pili, iliyotundikwa pahali kila mutu anapajua, si mufukoni mwa mutu mumoja.

Jile ya rangi kali, ili watu wajue wanamusikiliza nani. Kwenye woga kila mutu anapiga kelele yake.

Kofia ngumu na glavu. Kisha sanduku la musaada wa kwanza lenye bendeji, si lenye vidonge vya mwaka jana.

Blanketi nguvu na miti miwili, ya kubeba asiyeweza kutembea. Kama kuna mwenzetu mwenye ulemavu, ama mama mwenye mimba, watu wawili wajulikane tangu leo kwamba ndio wa kumusaidia.

Mashini ya kuzima moto, ambayo mushale wake uko kwenye kijani, na watu wanaojua kuitumia. Ni ya moto mudogo unaoanza, na uwe na njia ya kutokea nyuma yako. Moto ukishapanda ukuta, acha, toka. Na hapana kumwaga maji kwenye moto wa umeme ama wa mafuta.

Vyombo bila mazoezi ni muzigo tu. Kwenye jengo moja la New York, Rick Rescorla, mukubwa wa usalama wa Morgan Stanley, alikuwa anawafanyisha watu mazoezi ya kushuka eskalie mara kwa mara, hata wenye vyeo wakinung'unika. Tarehe 11 Septemba 2001 aliwaongoza na kipaza sauti cha mukononi. Karibu wafanyakazi wote 2,700 wa pale walitoka wazima. Yeye alirudi kutafuta wengine, na akafia humo. Sisi hatuna majengo marefu kama yale, lakini dakika za kushuka zinaweza kupimwa hata kwenye etaje mbili za Ibanda.

Kwenye mazoezi watu wajifunze tofauti hii. Moto ukiwaka, toka mara moja, ukiinama chini ya moshi, na ufunge milango nyuma yako. Ardhi ikitikisika, usikimbilie eskalie. Ingia chini ya meza, kinga kichwa, kaa mbali na vioo. Ikitulia, ndipo mutoke. Na pahali pa kukutania pasiwe chini ya ukuta, chini ya waya za umeme, wala chini ya mulima unaoporomoka. Muji wetu ni wa miteremko, pahali hapo lazima patafutwe mbele.

Tufike sasa kwenye listi, juu hapo ndipo panatuumiza sisi vijana.

Wengi wetu tumetoka chuo na diplome, tukafanya staje miezi na miezi bila mushahara. Wengine ni wabeba muzigo wa kila siku. Wengine ni dada wanaoleta chai saa ine. Sisi tuko ndani ya jengo kila siku, lakini jina letu haliko pahali popote. Patro akisimama inje na kuita majina ya wale wenye mukataba, atasema: "Tuko wote, asante Mungu." Na sisi tuko chini ya matofali. Asiye kwenye listi, nani atamutafuta?

Kwa hiyo listi ya kutoka si listi ya mushahara. Ni kaye moja mulangoni: aliyeingia anaandikwa, aliyetoka anafutwa. Stajieri, mugeni, mubeba mifuko, wote. Siku ya hatari, yule wa kuhesabu anatoka nayo.

Na jambo la mwisho ni uwezo wa kusema "tokeni". Bangladesh, mwezi wa ine 2013, jengo la Rana Plaza lilionyesha nyufa. Banki iliyokuwa humo ilirudisha wafanyakazi wake nyumbani. Washonaji wa nguo, ambao ni masikini zaidi, waliambiwa warudi kazini kesho yake, tarehe 24. Jengo lilianguka, wakafa watu zaidi ya 1,100. Waliziona nyufa kwa macho yao, lakini hawakuwa na nguvu ya kukataa. Kwa hiyo patro aandike na kusaini: mutu wa jile akipuliza filimbi, watu wanatoka, na hakuna anayekatwa siku yake.

Wandugu, kuanzia kesho, mwenye kazi aulize maswali matatu: Funguo iko na nani? Tunakutania wapi? Jina langu liko kwenye kaye? Akiogopa kuuliza peke yake, waulize wakiwa watano. Na sisi wasio na kazi, tuko na muda na tunajua kuandika. Twende wawili wawili, avenyu kwa avenyu, tuombe wenye maduka ruhusa ya kuwachorea njia za kutokea na kupima nao dakika za kushuka. Atakayekataa, tutarudi kumuona tena. Na kufuli tutakazokuta kwenye milango ya nyuma tutaziandika, na hiyo karatasi tutaipeleka kwa inspekta wa kazi na kwa meya, tukiwa wengi.

Tuanze na jengo hili tulimo. Mulango wa pili iko wapi?