Mpatanishi Husimama Kati
(Maneno kwa Wakristu na walimu, siku ya Jubilei)



Bwana wetu alipofundisha mlimani aliwahesabu wapatanishi kuwa watoto wa Mungu. Sisi tukaao milimani Uluguru yatupasa kuuliza: mpatanishi ni nani? Wengi hudhani ni yule anyamazishaye ugomvi. Walakini ugomvi ulionyamazishwa haujafa, umelala tu.

Jimbo letu la Morogoro liliundwa mwaka 1953. Miaka 2 baadaye, mwezi wa Julai 1955, damu ilimwagika Matombo. Serikali ya Waingereza ilikuwa imewaamuru watu wachimbe matuta ili mvua isichukue udongo. Nia yenyewe haikuwa mbaya. Lakini wakulima waliona kazi ni nzito, tena udongo mzuri ulifukiwa na ule usio na rutuba ukatokea juu. Wengine waliogopa kunyang'anywa ardhi. Wakanung'unika, wasisikilizwe. Mwisho watu wakakusanyika kwa hasira, askari wakapiga bunduki, mtu mmoja akafa. Kisha mpango wa matuta nao ukaachwa. Tazameni jambo hili: hapana aliyetaka mlima uharibike. Huko Mgeta wakulima walikuwa na ngazi zao za kukinga udongo. Aliyekosekana ni mtu wa kusimama kati, asikie huku na kusema kule.

Wala tusiseme hayo ni ya zamani za wakoloni tu. Desemba 2000, katika wilaya ya Kilosa, wakulima zaidi ya 30 wa Rudewa Mbuyuni waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Nchi ilikuwa huru, nao wote walikuwa wananchi wake.

Na sisi makatekista tusijitoe katika lawama. Katika kigango chetu mtu mmoja alifariki. Watoto wake wakalitaka shamba alilolima. Wapwa zake wakasema ardhi ni ya ukoo wa mama, kama ilivyo desturi ya Kiluguru. Tukawaita kanisani, tukawahimiza washikane mikono kabla ya Pasaka. Wakashikana, nasi tukampasha Padre habari za amani kwa furaha. Haikupita miezi 3, migomba ya shamba lile ikakatwa usiku. Ndipo tulipolitambua kosa letu: tulitaka mikono yao, hatukutaka maneno yao.

Basi tukarudi, na safari hii tukamchukua mtani wao. Ninyi mwaijua kazi ya mtani: huingia matangani akawatania wenye kulia, akasema kweli ambayo ndugu waiogopa, wala hapana amkasirikiaye. Tena yeye ndiye ashikaye jembe la kuchimba kaburi. Kwa kuwa hutumika, husikilizwa. Wazee husimulia ya kwamba utani wa makabila mengi ulizaliwa katika vita: waliopigana walichoka kuzikana, wakapatana.

Tulitembea shambani pamoja tangu asubuhi, kila upande ukatoa yote yaliyo moyoni. Mtani akawaambia wapwa ya kuwa hawakumwuguza marehemu hata siku moja. Akawaambia watoto ya kuwa baba yao alipewa ardhi ile na wajomba zake alime tu, naye alilijua neno hilo maisha yake yote. Jioni wakakubaliana: ardhi ni ya ukoo, na migomba iliyosalia ni ya watoto, kwani baba yao ndiye aliyeipanda. Siku ile hawakupendana. Lakini tangu hapo hapana mgomba uliokatwa.

Walimu, mtoto akileta mashtaka ya mwenzake, msikieni na yule mwenzake kabla ya kushika fimbo. Hapo ndipo amani hufundishwa. Wakristu wa vigango, msiwahimize watu kusameheana kabla ya kuuliza ni nani aliyeumizwa. Asimamaye kati hupigwa na upepo wa pande zote mbili, wala hapana ajabu: Bwana wetu mwenyewe, alipotupatanisha na Baba, alipigwa misumari.

Mungu atujalie, katika Jubilei hii, masikio ya kusikia kwanza, na kinywa cha kusema kweli bila chuki. Amina.