Tiba ya Kusogeza Macho kwa Walioumizwa na Mambo Waliyoyaona

(Mazungumzo ya kamati ya ushauri kwa viongozi wa vikundi vya akina mama, vijana na wazee. Tumeombwa tuyaandike kwa ajili ya wale ambao hawakufika.)

Tulisema tutazungumza juu ya tiba ya kusogeza macho, na tumesikia kwamba habari hiyo imeshazunguka mtaani ikaota miguu. Wengine wanasema tumeleta mazingaombwe kanisani. Mzee mmoja alituuliza kama ni ya kuwasaidia wasioona vizuri, asije akanunua miwani bure. Basi tuanze pale tulipoanzia sisi wenyewe, maswali yatafuata.

Tulianzia kwenye kosa letu. Katika kikundi chetu yuko mama ambaye alikuwa mjini Nairobi ile Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, siku ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa. Wakubwa mnaikumbuka, vijana mmesimuliwa. Kwanza ulisikika mlipuko mdogo, watu wa maofisini wakakimbilia madirishani kuchungulia kuna nini. Kisha bomu lenyewe likalipuka na vioo vikawarukia usoni. Nairobi peke yake walikufa watu 213 na majeruhi walipita 4,000, na wengi waliumia macho kwa sababu hiyo ya madirisha. Mama yetu alipoteza jicho moja. Ameturuhusu tueleze habari zake bila jina, na maneno haya ameyasoma kabla yenu.

Sisi tulidhani tunamsaidia kwa kumsimamisha kila mwaka mwezi wa Agosti atoe ushuhuda. Anasimama, anasimulia, watu wanalia, tunaimba, tunakunywa chai. Halafu kila mtu anaenda kwake. Miaka ikapita hivyo, mpaka siku moja mwenzetu mmoja akamsindikiza nyumbani ndipo akaambiwa: "Usiku wa siku hiyo huwa silali. Na wiki nzima nikisikia bati limeanguka, najikuta niko chini ya meza." Hakutuambia mapema kwa sababu hakutaka kutuvunja moyo. Hebu fikirini, mgonjwa ndiye aliyekuwa akiwahurumia wauguzi!

Hali hiyo wataalamu huiita kiwewe. Si uoga, wala si upungufu wa imani, na tunaomba hili mlishike kwa sababu maneno hayo yametoka katika vinywa vyetu sisi viongozi. Mtu aliyepatwa na jambo la kutisha huweza kuliona tena kana kwamba linatokea sasa hivi, mchana akiwa macho au usiku akiota. Hukwepa mahali, watu na hata harufu zinazolikumbusha. Hushtuka kwa kitu kidogo, hukasirika upesi, hana usingizi. Wengi wetu tukipatwa na balaa hukaa hivyo kwa majuma machache halafu tukatulia wenyewe, tukiwa na watu wetu na chakula na mahali pa kulala. Lakini hali ikipita mwezi mmoja nayo haipungui, na kazi na nyumba vinaharibika, hapo inafaa kutafuta matibabu. Hatusemi bomu tu. Tunao hapa waliokimbia makwao baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Tunao walionusurika ajali za matatu, na kina mama waliopigwa ndani ya nyumba zao wenyewe.

Sasa, hii tiba ilitoka wapi? Mwaka 1987 mama mmoja Mmarekani, Francine Shapiro, aliyekuwa akisomea saikolojia, alikuwa akitembea bustanini huku akiwaza mambo yaliyomsumbua. Akagundua kwamba macho yake yakienda upande huu na upande ule kwa haraka, mawazo yale yalipungua makali. Akajaribu kwa marafiki, kisha kwa watu 22 wenye kumbukumbu mbaya, na mwaka 1989 akachapisha aliyoyaona. Watu walimcheka sana. Nasi tuseme kweli, tuliposikia mara ya kwanza tulicheka pia. Yeye alifariki mwaka 2019, akiwa ameishaona tiba yake ikitumika katika nchi nyingi. Kwa kifupi huitwa EMDR.

Inavyofanyika ni hivi, na hapa tutaenda polepole kwa sababu ndipo uvumi ulipo mwingi.

Mtu hafiki tu siku ya kwanza akaanza kupungiwa vidole. Kwanza mtaalamu anamwuliza historia yake, afya yake, kama analala, kama anakunywa pombe, kama amewahi kufikiria kujiua, nani yuko naye nyumbani. Kisha anamfundisha njia za kujituliza, kwa mfano kupumua taratibu na kukumbuka mahali penye amani. Kwa mama yetu mahali hapo palikuwa chini ya mwembe wa nyanya yake. Hiyo peke yake ilichukua siku mbili, naye alikuwa ameanza kulalamika kwamba nauli inaisha na hajasogeza hata ukope.

Baadaye wanachagua picha moja, ile inayouma zaidi. Anaulizwa: picha hii inakufanya ujione ni mtu wa namna gani? Yeye alisema, "Ningemvuta mwenzangu kutoka dirishani. Ni makosa yangu." Sisi tuliosikia ushuhuda wake miaka yote hatukuwahi kusikia neno hilo. Anaulizwa pia angependa kujiona vipi, na uchungu wake uko kiasi gani kutoka 0 hadi 10. Alisema 9. Halafu anaulizwa mwilini anauhisi wapi.

Ndipo tiba yenyewe inaanza. Mgonjwa anashika ile picha akilini, na macho yake yanafuata vidole vya mtaalamu kushoto na kulia, kushoto na kulia, kama nusu dakika hivi. Wanasimama. "Vuta pumzi. Sasa kuna nini?" Anasema lolote lililokuja, hata kama ni kitu cha ajabu kisichohusika. Wanaendelea. Hatakiwi kusimulia kisa chote mwanzo hadi mwisho, na kwa wengi hilo peke yake ni nafuu kubwa. Uchungu ukishuka, wanalitia nguvu lile wazo jema, wanaupima mwili kama bado kuna mahali pamekaza, wanafunga kikao kwa kumtuliza. Kikao kimoja huchukua kama saa moja hadi saa moja na nusu. Aliyepatwa na tukio moja huhitaji vikao vichache, lakini aliyeumizwa tangu utotoni huhitaji vingi zaidi.

Je, analazwa usingizi? Hapana. Yuko macho, anajua yuko wapi na yuko na nani. Kabla ya kuanza wanakubaliana ishara, kama kuinua mkono, na akiinua mkono kazi inasimama hapo hapo. Mganga gani wa mazingaombwe anayekupa ruhusa ya kumsimamisha?

Mama yetu alikuwa na swali lake, nalo lilitunyamazisha: "Mimi nina jicho moja. Nitasogeza nini?" Tulilipeleka kwa mtaalamu. Jibu ni kwamba macho si njia pekee. Asiyeweza kufuata vidole hupigwapigwa kidogo mikononi, kushoto kisha kulia, au husikilizishwa mlio unaobadilisha masikio. Naye akafanyiwa hivyo, viganja juu ya magoti, akipigwapigwa taratibu. Hata mwenye macho mawili, akisikia maumivu ya jicho anapaswa kusema, kazi isimame na aonane kwanza na daktari wa macho.

Kwa nini inasaidia? Hapa wenye elimu hawajakubaliana, wala hatutawaficha. Shapiro mwenyewe alisema kumbukumbu mbaya ni kama chakula kilichokwama bila kusagwa, na tiba huisaidia akili kukisaga. Wengine wanasema akili ina nafasi ndogo ya kushika mambo mawili kwa wakati mmoja. Mwambie mama aliyebeba mtungi kichwani ahesabu chenji: kimoja kitalegea. Hivyo mtu akishika picha huku akifuata vidole, picha inafifia, na inarudishwa kabatini ikiwa imefifia. Na wapo wanaosema dawa ni kule kuikabili kumbukumbu mahali pa usalama, na macho ni mapambo tu. Uchunguzi uliokusanya tafiti nyingi mwaka 2001 haukuona faida ya kusogeza macho kwenyewe. Mwingine wa mwaka 2013 ukaona faida ipo. Sisi si waamuzi wa kesi hiyo. Tunachojua ni kwamba mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tiba hii kwa watu wazima na watoto wenye ugonjwa wa kiwewe, pamoja na tiba nyingine ya mazungumzo inayomfundisha mtu kuikabili kumbukumbu na kurekebisha mawazo yake. Anayeikosa moja asijione amekosa yote.

Kwa wasiwasi wa kawaida, wa karo na kodi ya nyumba na mtihani, ushahidi wa tiba hii si mkubwa hivyo. Mtu asiuze kuku aje kusogezwa macho kwa sababu ana madeni.

Shirika hilo hilo limesema pia kwamba watu waliotoka tu kwenye balaa wasikusanywe na kulazimishwa kusimulia yote waliyoyaona na kuyahisi. Tuliposoma hapo tulitazamana. Ndivyo tulivyofanya na waliokimbilia kwetu mwaka 2008: tuliwaketisha kwenye mduara siku ya pili, kabla hata ya kuwapa blanketi za kutosha, tukawaambia toeni ya moyoni. Nia ilikuwa njema. Lakini mmoja alitoka nje akatapika, nasi tukasema ni malaria.

Nia njema hiyo hiyo inatutia hofu juu ya jambo jingine. Tumesikia kuna watu wanaohudhuria semina ya siku moja wakirudi wanapungia watu vidole sebuleni. Tafadhali msifanye. Kufungua kidonda ni rahisi, kazi iko katika kukifunga. Baada ya kikao chake cha kwanza cha tiba yenyewe mama yetu aliota ndoto mbaya siku nne mfululizo, na dada yake alilazimika kuhamia kwake. Mtaalamu alikuwa ameshamwonya kwamba ndoto zinaweza kuja, na alijua la kufanya. Jirani mwenye vidole viwili angejua nini? Kazi yetu sisi wa vikundi ni ile ya kawaida: kusikiliza bila kudadisi, kupika uji, kushika watoto, kumsindikiza mtu kituo cha afya aulizie mtaalamu aliyesomea kazi hiyo. Hapa Kenya wapo waliofunzwa tiba hii, ila ni wachache, na kumpata Nairobi ni rahisi kuliko kumpata huku kwetu. Mkimpata, msione haya kumwuliza alisomea wapi na nani anamsimamia.

Mama amefanya vikao saba kwa jumla. Ile picha sasa anaipa 2, siku nyingine 3. Analala. Jicho halikurudi, na mwenzake aliyefia dirishani hakurudi, na bado kwenye matatu anachagua kiti cha ndani. Lakini lile neno "ni makosa yangu" hatujalisikia tena kwake.

Kijana mmoja wa boda boda tuliyempeleka pamoja naye hakuendelea. Alipata ajali, abiria wake akafa. Alienda mara mbili akaacha. Tulidhani ni ukaidi, kumbe kwenda na kurudi kulimmeza mapato ya siku nzima, na nyumbani wanamngoja na unga. Mfuko wetu ulilipa tiba ukasahau nauli na unga. Ndiyo sababu tumeleta ombi kwa mweka hazina, na mtalijadili baada ya chai: mchango wa mwezi huu utengwe sehemu kwa ajili ya siku za kazi ambazo mgonjwa anazipoteza. Jumanne mmoja wetu atapita steji kumwona kijana huyo. Hataenda na karatasi wala mahubiri, ataomba tu kupelekwa sokoni na kulipa nauli kama abiria wengine.

Na tarehe 7 Agosti mwaka huu hakutakuwa na ushuhuda, isipokuwa mtu mwenyewe akiomba. Tutasoma majina ya waliokufa ambao jamaa zao wako kati yetu, tutanyamaza kidogo, kisha chai. Mama amesema atakuja. Ameomba kiti karibu na mlango, na upande ule wa madirisha wakae wengine.