MTU WA CHAMA KIDOGO: HABARI ZA JASPER McLEVY WA BRIDGEPORT
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Nimeombwa niseme juu ya mtu asimamaye katika uchaguzi hali chama chake ni kidogo, na kila mtu ajua tangu asubuhi ya siku ya kura ya kuwa hatashinda. Wengi humcheka mtu kama huyo, wakisema apoteza mali yake na siku zake. Nimechagua kuwasimulia habari za mmoja aliyeishi kweli, maana katika habari zake limo neno limpasalo kila karani: kazi ya serikali hupatwaje, na ni mali ya nani?

Mji wa Bridgeport uko pwani ya Jimbo la Connecticut, katika nchi ya Marekani. Ni mji uliojulikana kwa viwanda. Humo zilitengenezwa bunduki na risasi, vyombo vya umeme, na cherehani za Singer, ambazo mafundi wetu wa barazani wazijua sana. Katika mji huo alizaliwa Jasper McLevy mwaka 1878. Kazi yake ilikuwa kuezeka mapaa, naye akawa kiongozi katika chama cha mafundi wenzake. Kisha akaingia katika Chama cha Kisoshalisti, kilichoundwa mwaka 1901 ili kuwatetea watu wa kazi.

Yafaa kwanza nieleze desturi ya uchaguzi wa nchi ile. Kila jimbo lina gavana wake na baraza lake la kutunga sheria. Na miji mingi ina meya na baraza la mji. Vyama viwili, Democratic na Republican, vimeshika karibu viti vyote. Kwa kawaida yule apataye kura nyingi kuliko kila mmoja wa wenziwe ndiye ashikaye kiti, hata kama hakupata nusu ya kura zote. Kwa sababu hiyo chama cha tatu chaweza kupendwa na maelfu ya watu, kisipate kiti hata kimoja. Tena mpiga kura mwenyewe huingiwa na hofu, akasema moyoni, "Nikimpa kura huyu nimpendaye, huenda nikamfungulia mlango yule nimchukiaye."

McLevy alisimama kutaka umeya mwaka 1911, akashindwa. Akasimama tena na tena, kwa muda wa zaidi ya miaka 20, na kila mara akarudi kwenye mapaa yake. Lakini watu walizidi kumjua. Walijua ya kuwa yeye ni fundi kama wao, na ya kuwa maneno yake ya mwaka huu ni yale yale ya mwaka jana. Hata baada ya mwaka 1929 biashara zikaanguka, viwanda vikafukuza watu, na katika mji kukawa na manung'uniko mengi juu ya gharama za daraja la Yellow Mill. Basi wenyeji wakaanza kuuliza fedha yao ya kodi imekwenda wapi. Novemba 1933 wakamchagua mwezeka mapaa kuwa meya.

Mwaka wa pili, 1934, mji huo ukapeleka watu watatu wa chama chake katika Seneti ya jimbo. Watatu ni wachache. Walakini vyama viwili vikubwa vilikuwa vimekaribiana hata hapana kimoja kilichoweza kupitisha jambo peke yake. Ndipo wachache wakawa na uzito kama jiwe dogo liwekwalo katika mizani iliyosimama sawa.

Sasa, ndugu zangu, sikilizeni walitaka nini. Desturi ya zamani katika miji mingi ya Marekani ilikuwa kwamba chama kikishinda, watu wake hupewa kazi za serikali: karani, msimamizi wa barabara, hata mfagiaji. Wa zamani hutolewa, na wapya huingia, si kwa kujua kazi, bali kwa kumjua mkubwa. Hata Rais Garfield alipigwa risasi mwaka 1881 na mtu aliyekasirika kwa kunyimwa cheo, na baada ya hapo, mwaka 1883, serikali kuu ikatunga sheria ya kuajiri baadhi ya watumishi wake kwa mtihani. Lakini miji mingi ilibaki na desturi ile ile. Mwaka 1935 baraza la Connecticut likatunga sheria ya kuweka kazi za mji wa Bridgeport chini ya mtihani na ustahili.

Litazameni sana jambo hili. Wafuasi wa McLevy walikuwa wamengoja kwa miaka mingi. Bila shaka wengine walikuwa hawana kazi, na watoto wao wana njaa. Kama angalitaka kuwalipa kwa kuwagawia kazi, desturi ilikuwepo na njia ilikuwa wazi. Yeye na wenzake wakaifunga njia hiyo, wakajifunga na mikono yao wenyewe. Naona hiyo ndiyo heshima kubwa ya habari hii. Ni rahisi kuchukia upendeleo ukiwa nje ya mlango. Kuukataa ukiwa umeshika ufunguo ni kazi nyingine.

Mwaka 1938 alisimama kutaka ugavana, akapata kura zaidi ya 166,000. Hakushinda. Bwana Baldwin wa Republican alimshinda Gavana Cross wa Democratic kwa kura pungufu ya 3,000. Hapo yaonekana ubaya na uzuri wa mtu wa tatu: hakupata kiti, lakini hapana awezaye kusema kwamba kura zake hazikuwa na maana.

Nisije nikawasifia mtu kupita kiasi. McLevy alikaa katika umeya miaka 24, hata akashindwa kwa kura chache mwaka 1957. Mchovya asali hachovyi mara moja. Uangalifu wake wa fedha, ambao mwanzoni ulikuwa dawa, baadaye wengi waliuita ubahili. Walilalamika kwamba barabara zimeharibika na theluji haiondolewi. Na wasoshalisti wengine walimlaumu, wakisema amekuwa mtunza hesabu mwema tu, wala hakugeuza maisha ya maskini kama alivyoahidi. Lawama hizo zina haki yake.

Je, sisi twapata nini? Wazee wetu makarani walitumikia serikali za kikoloni zilizopanga vyeo na mishahara kwa rangi ya mtu. Mwaka 1922, katika mji wa Tanga, makarani Waafrika pamoja na Martin Kayamba waliunda chama chao. Hakikuwa chama cha kugombea viti, wala hawakuwa na kura ya kupiga. Lakini neno la karani aliyenyimwa cheo kwa rangi yake ni ndugu ya neno la yule aliyenyimwa kazi kwa kutokuwa na mkubwa wa kumjua: mtu na apimwe kwa kazi yake. Na neno hilo halijazeeka. Kila mara kijana ajapo afisini na barua ya mjomba badala ya cheti, hurudi kutuuliza tumesimama wapi. Nasi tusiwe wakali kwa mjomba wa mwenzetu na wapole kwa wajomba zetu.

Mwezeka huanza kwenye ukingo wa chini, akapanda safu kwa safu hata kileleni. Aanzaye juu, mvua itamwaibisha. Basi yeye asimamaye katika uchaguzi wa mji au wa chama, na kura zake ni chache, tusimcheke. Tumwulize mambo mawili tu: neno lako la leo ni lile la jana? Na siku utakaposhika ufunguo, utaufungia nani mlango?