KISIKI CHA LUSU HAKIJAFA

Anayesafiri kwa barabara kutoka Tabora kwenda Shinyanga hupita Nzega, na katika wilaya hiyo ya Nzega ndiko iliko Lusu. Watu wengi wa mjini wameisikia Lusu kwa sababu moja tu, nayo ni dhahabu. Hapo ndipo ulipokuwa mgodi wa Golden Pride, wa kampuni ya Resolute kutoka Australia, ulioanza kutoa dhahabu mwaka 1998. Ulikuwa mgodi mkubwa wa kwanza wa kisasa tangu nchi yetu ilipowafungulia milango wawekezaji wa madini. Kufikia mwaka 2014 uchimbaji ulikuwa umekwisha na mgodi umefungwa.

Mgodi ukifungwa, wananchi huuliza swali la haki kabisa: shimo hili na vilima hivi vya mawe ni vya nani sasa? Kwa mgodi mkubwa swali hilo lina pa kupelekwa. Sheria inamdai mwenye mgodi mpango wa kufunga shughuli zake na dhamana ya fedha ya kurekebisha ardhi. Kama ametimiza au hajatimiza, hilo ni jambo la kukagua, lakini angalau jina lake limeandikwa mahali, na mlango wa kugonga unajulikana.

Sasa hebu tutazame nje ya uzio wa mgodi. Wachimbaji wadogo wanahitaji matimba ya kuegemeza maduara yao. Mkulima wa tumbaku, huko Urambo na Sikonge, anahitaji kuni za kukaushia tumbaku kwenye mabani. Mfugaji anahitaji malisho, na ng'ombe hasubiri mvua. Mchoma mkaa anahitaji mti wowote utakaoshika moto. Kila mmoja ana shida ya kweli, na kila mmoja anakata kidogo tu. Mwisho wa mwaka pori limekwisha, na ukiuliza nani kalimaliza, hapatikani mtu. Hili ndilo jeraha lisilo na mwenyewe. Kwa maoni yangu ni kubwa kuliko shimo la mgodi, maana halina mpango wa kulifunga.

Je, dawa yetu ni ipi? Tumezoea dawa moja. Inapangwa siku, anaalikwa mgeni rasmi, vinapigwa vigelegele. Mgeni anapanda mche, anaumwagilia, anapigwa picha, anaondoka. Wiki ya pili mbuzi anapita, naye hakualikwa. Mwaka unaofuata tunapanda tena, pengine palepale. Tunahesabu miche tuliyopanda. Hatuhesabu visiki vinavyong'olewa.

Ndugu msikilizaji, sisemi tusipande miti. Ninasema kwamba majirani wa Nzega, yaani Shinyanga, walikwisha kutuonyesha njia nyingine, na ni ajabu jinsi tunavyoisahau.

Shinyanga ilikuwa nchi ya migunga na nyasi. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni iliendesha kampeni ya kufyeka mapori ili kufukuza mbung'o. Kikaja kilimo cha pamba, nacho kikataka mashamba. Mifugo ikaongezeka. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu, na aliyehamishwa akaliacha eneo alilokuwa akilitunza. Ilipofika miaka ya 1980 sehemu kubwa ya mkoa ilikuwa vumbi tupu, wanawake wakitembea mwendo mrefu kutafuta kuni, na wengine wakipikia kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa. Hali hiyo ilimshtua hata Mwalimu Nyerere. Mwaka 1986 Serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa kifupi kama HASHI, na baadaye Norwei ikasaidia kwa fedha.

Mwanzoni wataalamu nao walikuja na vitalu vya miche. Lakini wananchi walikuwa na jambo lao la zamani, liitwalo ngitili. Ngitili ni eneo linalofungwa mvua zinapoanza, ng'ombe wasiingie, nyasi zikue. Kiangazi kikikaza, linafunguliwa kwa utaratibu, wakaingia ndama, wagonjwa na ng'ombe wa kulimia. Wasukuma wanalijua, na Wanyamwezi wanalijua pia. HASHI ikawa na busara ya kuwasikiliza wenyeji.

Matokeo yake? Mwaka 1986 ngitili zilizokuwa zinajulikana zilikuwa kama hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimezidi hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Sehemu kubwa ya miti hiyo hakuna aliyeipanda. Ilichipua yenyewe kutoka kwenye visiki na mizizi iliyokuwa hai chini ya vumbi. Miti ya nchi yetu ya miombo na migunga ina tabia hiyo: ukiukata, mzizi haufi. Unaouua ni jembe, moto wa kila mwaka, na mdomo wa mbuzi usiopumzika.

Lakini tusidanganyike kwamba ardhi ilijirudia yenyewe. Palikuwa na amri, na amri ilikuwa na wenyewe. Wazee waliketi katika dagashida, yaani baraza lao la jadi, wakaafikiana mipaka. Sungusungu walilinda. Aliyeingiza ng'ombe kwa wizi alitozwa faini na majirani zake mwenyewe, na faini ya jirani inauma kuliko ya hakimu wa mbali. Na waliovumilia walivuna: kuni karibu na nyumba, majani ya kuezekea, dawa, asali, na malisho ya kiangazi.

Atasema mtu: hayo yaliwezekana zamani, sasa watu ni wengi na ardhi ni ndogo. Ni kweli. Hata hizo ngitili zenyewe zimo hatarini. Nyingine zimegawanywa, nyingine zinatamaniwa kwa mashamba na mkaa. Ndiyo sababu hazitoshi kulindwa kwa mila peke yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zinakipa kijiji uwezo wa kutenga msitu wake, kuweka sheria ndogo na kuwashtaki wavunjaji. Kijiji chochote cha Nzega kinaweza kufanya hivyo. Halmashauri ya Wilaya kazi yake ni kukisaidia kupima mipaka na kuandika karatasi, si kusubiri siku ya mgeni rasmi.

Na sisi wa mjini tusijitoe. Tanuru la kienyeji hula kilo 8 hadi 10 za kuni ili kutoa kilo 1 ya mkaa. Zamani misafara ya pembe ilipita Tabora ikielekea pwani. Leo msafara ni wa malori ya magunia, na mwisho wa safari ni jiko lako na langu. Serikali imeweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Ni lengo jema, lakini mama lishe hawezi kupikia lengo. Mtungi wa gesi usipofikika kwa kipato chake, atanunua mkaa, na hana kosa.

Basi tufanye lililo mkononi mwetu. Ukinunua gunia la mkaa wiki hii, muulize muuzaji limetoka kijiji gani, na kijiji hicho kimelipwa nini. Kama hana jibu, ujue limetoka kwenye pori lisilo na mwenyewe. Na kama tutauliza wengi, siku moja atalazimika kuja na jibu.