Hukumu ya Dawa za Kulevya na Msaada wa Masomo

Natuitazame sheria moja ya Marekani ambayo, ijapokuwa imekwisha kufutwa, ibra yake ingali hai. Mwaka 1998 Kongresi, kwa shauri la mbunge Mark Souder wa Indiana, iliamuru kwamba mwanafunzi aliyehukumiwa kwa dawa za kulevya azuiliwe msaada wa serikali wa masomo: akipatikana nazo mara ya kwanza, mwaka 1, ya pili, miaka 2, na ya tatu, muda usio na ukomo, ila akitimiza masharti ya kutibiwa.

Kwanza, tuwatendee insafu walioitetea: walisema kwamba mali ya umma ni amana, na aipokeaye hana budi kuitii sheria. Kwa upande wa pili, wapinzani walijibu kwamba aliyekwisha kuadhibiwa na hakimu huadhibiwa tena, na kwamba dhiki yote humwangukia fakiri, maana mwana wa tajiri hulipiwa karo na babaye. Mwaka 2006 sheria ikalegezwa, iwahusu tu waliokosa hali wakipokea msaada. Na mwishoni mwa 2020 Kongresi ikaifuta.

Latuhusuni jambo hili? Ndugu zetu wengi wamehamia huko, na wana wao husoma kwa msaada uo huo; tena kijana aliyepotoka, akifungiwa mlango wa elimu, njia ya kurejea kwenye maisha mema humwia finyu zaidi.

Basi swali ni hili: je, amana ya umma huhifadhiwa kwa kumnyima elimu aliyekosa, au kwa kumwelimisha asikose tena?